Kazi ya kufundisha Kiingereza China: hivi ina msimu, au mimi ndiye nina mkosi?

#1 Dagaa wa Mwaloni (20 Novemba 2025)
Wakuu, salaam. Nina miaka 29, digrii ya ualimu (Kiingereza na Historia), nimefundisha sekondari ya binafsi hapa Mwanza miaka mitatu, na cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kwa wageni) cha saa 120 ninacho. Tangu mwisho wa Septemba nimetuma maombi 40 ya kazi China, nayaandika kwenye daftari. Waliojibu ni watano. Wanne wamekataa, mmoja kasema "tuwasiliane baada ya Sikukuu ya Masika", yaani mwaka mpya wa Kichina. Jamaa yangu mmoja ananicheka, anasema nimetuma nje ya msimu, ningengoja Machi. Mzee wangu ni mvuvi wa dagaa, kwa hiyo habari ya kungoja giza naielewa. Dagaa huwavui mbalamwezi ikiwaka, hata uwe na taa ngapi. Ila kwa kazi za shule sijawahi kusikia. Je, ni kweli?

#2 Shemeji wa Yiwu
Msimu upo, na ni Machi. Wachina wenyewe wana msemo: Machi ya dhahabu, Aprili ya fedha. Watu wakishachukua bonasi ya mwaka mpya wanaaga, nafasi zinamwagika. Wewe umetupa wavu mwezi ukiwa utosini.

#3 Mwana Nanjing
Shemeji, msemo huo upo ila umeupeleka kusiko. Ni wa soko la ajira la Wachina wenyewe, watu wa maofisini. Tena wana mwingine pacha wake, Septemba ya dhahabu, Oktoba ya fedha. Kwa hesabu yako mleta mada alitakiwa awe ameshaokota dhahabu.

Shule zina kalenda yake. Muhula wa kwanza unaanza Septemba mosi. Wa pili unaanza baada ya Sikukuu ya Masika, na hiyo inatembea na mwezi: mwaka huu ilikuwa Januari 29, mwakani ni Februari 17. Kwa hiyo muhula wa pili mwakani utachelewa, shule nyingi zitafungua mwanzoni mwa Machi.

Sasa tofautisha waajiri. Shule za kimataifa zinaanza kutafuta mapema mno, Novemba hadi Februari, kwa ajili ya Agosti inayofuata. Vyuo vikuu vinaamka Machi na kusaili hadi Juni. Vituo vya tuisheni vinaajiri mwaka mzima maana watu wanakimbia mwaka mzima. Nafasi za muhula wa pili ni chache, huwa ni za kuziba pengo la aliyeondoka, na zinatangazwa Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo ulitupa wavu sehemu yenye samaki wachache, ila si kwamba hawapo.

Halafu kuna Oktoba. Wiki ya kwanza yote ni likizo ya taifa, na mwaka huu iliungana na sikukuu ya katikati ya vuli, siku nane. Uliotuma siku hizo jumlisha kwenye hasara. Barua pepe yako ilizikwa na matangazo ya keki za mwezi, zile za sikukuu hiyo.

#4 Bi Mkubwa wa Tandale
Anayehesabu maombi kwenye daftari ni mwalimu kweli, mpeni kazi. 😂

#5 Kipanga254
Watu wanaongea kuhusu miezi na hakuna anayetaja ndovu aliye sebuleni. Hapa Nairobi nimesaidia vijana kadhaa kutuma maombi. Shida ni pasipoti. Orodha ya nchi wanazohesabu Kiingereza ni lugha ya mama iko na saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kenya hayuko. Tanzania hayuko. Unaweza kutuma Machi, unaweza kutuma usiku wa manane siku ya kupatwa kwa jua, kompyuta ya mwajiri inaona uraia na inakutupa.

#6 Dagaa wa Mwaloni
@Kipanga254 mbona kuna Watanzania na Wakenya wanafundisha kule? Nawaona kwenye picha kila siku.

#7 Kipanga254
Wapo. Uliza kila mmoja ana viza gani, uone kimya kitakachofuata.

#8 Mjukuu wa Karani
Kipanga uko sawa nusu. Kanuni inasema mwalimu wa lugha kwa kawaida afundishe lugha ya mama yake, awe na digrii ya kwanza aliyoipata katika nchi ya lugha hiyo, na uzoefu wa miaka miwili. Mwenye digrii ya ualimu au ya lugha husamehewa ule uzoefu. Neno lenye kazi hapo ni "kwa kawaida". Kila mkoa unalisoma kivyake. Mimi ni Mtanzania, digrii nilisomea Johannesburg, cheti kikagongwa apostili (muhuri wa kimataifa wa kuthibitisha hati) Pretoria. Mji wa kwanza walinikataa kwa pasipoti. Mji wa pili, saa tatu kwa treni, walipokea karatasi zile zile bila swali. Kwa hiyo nchi uliyosomea inabeba uzito, na mji unaoomba unabeba uzito.

Na mimi sikuomba Machi wala Novemba. Niliomba mwisho wa Juni, wenzangu wakaniambia nimechelewa. Shule ilikuwa imekimbiwa na mwalimu wiki ile ile, na mkuu wa idara hakuwa na muda wa kuchagua.

#9 Yakhe wa Malindi
Ikiwa sheria ni mtu afundishe lugha ya mamake, sie si tukafundishe Kiswahili? Hicho hakuna Mwaustralia atakayetunyang'anya.

#10 Mwana Nanjing
Yakhe, usicheke, kipo. Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 60, Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing na Chuo Kikuu cha Mawasiliano. Redio ya China ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1961. Nimewahi kukutana na kijana wa Kichina kwenye treni ya chini ya ardhi akanisalimia "shikamoo" kwa heshima zote, na mimi nina miaka 27. Nikaitika marahaba, ningefanyaje? Lakini nafasi za mwalimu mgeni wa Kiswahili ni za kuhesabu kwa vidole.

#11 Bi Mkubwa wa Tandale
Uliitikia marahaba ya bure kabisa. Rudisha.

#12 Nyumba ya Tatu
Turudi kwenye mada. Mimi nimekaa China 2018 hadi 2023, na naona wote mnapiga pembeni. Kilichobadilika ni soko. Julai 2021 serikali ilitoa sera ya kupunguza mzigo kwa wanafunzi: tuisheni ya kibiashara ya masomo ya msingi ikapigwa marufuku wikendi na likizo, na kuwatumia walimu walioko nje ya China kufundisha watoto mtandaoni kukafungwa. New Oriental, kampuni kubwa ya tuisheni, peke yake ilipunguza watu 60,000. Ongeza mipaka iliyofungwa Machi 2020 ikaja kufunguliwa Januari 8, 2023. Ongeza watoto. Mwaka 2016 walizaliwa milioni 17.86, mwaka 2023 milioni 9.02. Hao wa 2016 walijaza chekechea enzi zangu. Mwaka 2023 pekee chekechea zilipungua zaidi ya 14,000 nchi nzima.

Zamani mtu alipata kazi mwezi wowote, na hakuna aliyekuwa anauliza msimu. Swali la msimu limekuja baada ya samaki kupungua. Mvuvi muulize, ziwa likiwa limejaa nani anaangalia mwezi?

#13 Dagaa wa Mwaloni
@Nyumba ya Tatu nimemuuliza mzee. Amesema mwezi unaangaliwa siku zote, hata ziwa likijaa. 😂 Ila hoja nimeipata, asante.

#14 Shemeji wa Yiwu
Huyo mzee ana akili. Machi.

#15 Mpishi wa Tambi
Naomba niweke la kwangu, halihusu mwezi lakini mleta mada asije akaingia.

Nilienda kwa viza ya masomo. Dalali akaniambia chekechea fulani wanataka mtu wa Kiingereza Jumamosi asubuhi, yuan mia mbili kwa saa. Mtoto wa watu nina njaa, nikaingia. Wiki ya sita, tuko katikati ya wimbo, mwalimu mkuu kaja mbio, kanishika mkono, kanipitisha jikoni hadi stoo ya mchele. Nimechuchumaa kati ya magunia, pembeni kuna ndoo ya kabichi. Pale viatu vinaachwa mlangoni, kwa hiyo niko na soksi. Nasikia sauti za watu wazima darasani. Mara mlango wa stoo unasukumwa. Mtoto wa miaka minne kanifuata na kiatu changu mkononi, ananiita jina kwa sauti ya bomba. Nyuma yake kuna polisi wawili.

Sheria yao: kufanya kazi bila kibali ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na ikionekana kosa ni zito unawekwa ndani siku 5 hadi 15. Nilipigwa 5,000. Chuo kikaniita, nikaandika barua ya kujieleza mara tatu. Dalali alikuwa ameshanifuta WeChat kabla sijafika kituoni.

Kwa hiyo ukisikia "njoo tu na viza ya biashara, tutaibadilisha huku", funga simu. Kazi ni viza ya Z, na barua ya kibali inatangulia kabla hujapanda ndege.

#16 Kipanga254
Pole sana mkuu. Huyo mtoto ni shahidi wa serikali.

#17 Bi Mkubwa wa Tandale
Kiatu kilirudi?

#18 Mpishi wa Tambi
Kimoja.

#19 Asali Mbichi
Mimi naomba kusema kitu ambacho hapa kinazungukwa. Niko Toronto, pasipoti ya Kanada, Kiingereza nimekulia nacho, wazazi ni wa Bukavu. Kwenye orodha yenu ya saba nimo. Mwaka jana niliomba Aprili, mwezi mnaosema ni mzuri. Sehemu ya kwanza kuomba ni picha. Wakala mmoja akaniuliza kwa adabu kama nina picha "yenye mwanga zaidi". Nikampelekea niliyopiga nje saa sita mchana. Akasema hapana, mwanga wa uso. Nikaelewa.

Sikukata tamaa, nilipata chuo kikuu huko Hubei, saa 16 kwa wiki, nyumba ya chuo, na wanafunzi nawapenda. Ila msimwambie kijana ni mwezi au pasipoti tu.

#20 Mjukuu wa Karani
@Asali Mbichi kweli, ipo. Nimeona zaidi vituo vya tuisheni na chekechea, kwa sababu sura ya mwalimu ndiyo bango lao, wanauza kwa bibi anayemleta mjukuu. Vyuo vikuu hawana bibi wa kumshawishi. Pesa yake ndogo, lakini wanaangalia cheti.

#21 Nyumba ya Tatu
Pesa ndogo kiasi gani sasa hivi? Enzi zangu chuo ni yuan 8,000 hadi 10,000 kwa mwezi na nyumba, kituo cha tuisheni 15,000 hadi 20,000 bila wikendi.

#22 Asali Mbichi
Nalipwa 9,500 na nyumba. Na Jumamosi nalala.

#23 Fundi Saa
Mleta mada, mimi nafundisha hisabati, si Kiingereza, kwenye shule ya lugha mbili. Nafundisha KWA Kiingereza. Ile kanuni ya lugha ya mama inamhusu mwalimu wa lugha. Mwalimu wa somo wanamtaka awe na digrii ya somo na uzoefu wa miaka miwili, na mimi Mtanzania nimepita. Una Historia kwenye digrii yako. Umeombea Kiingereza peke yake mara 40, umewahi kuomba Historia au Jiografia mara moja?

#24 Dagaa wa Mwaloni
...Hapana.

#25 Bi Mkubwa wa Tandale
Daftari hilo lifungue ukurasa mpya.

#26 Mwana Nanjing
Fundi Saa katoa bonge la hoja, ila nafasi za Historia ni chache kuliko Hisabati na Fizikia, asije akadhani ni mserereko.

Kingine, mkijibizana Machi na Novemba mnasahau karatasi. Polisi, kipimo cha afya, cheti cha digrii. China wamekubali apostili tangu Novemba 7, 2023, lakini hiyo inamfaa mwenye karatasi za nchi iliyojiunga na mkataba wa apostili, kama ndugu yetu wa Johannesburg. Za kwetu ni wakili, Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa China. Kisha shule inaomba barua ya kibali, ndipo viza. Miezi mitatu inaondoka hivi hivi. Ukisubiri upate kazi ndipo uanze kugonga mihuri, shule inamchukua aliye tayari. Wanaohama shule wakiwa ndani ya China ndio wanaotumaliza: wao vyeti vimeshathibitishwa, wanaweza kuanza mwezi ujao. Kwa maoni yangu nusu ya zile "hapana" zako ni hilo.

Anza na digrii sasa, hiyo haichachi. Ripoti ya polisi ngoja kidogo, wengi hawaipokei ikipita miezi sita.

#27 Kipanga254
Agonge mihuri kwa pesa za nani, bila ofa mkononi? Huo ni ushauri wa mtu aliye tayari Nanjing.

#28 Mwana Nanjing
Niligonga kwa pesa za kuuza pikipiki ya kaka yangu. Hadi leo hanisalimii vizuri.

#29 Karani Mstaafu
Habari za humu. Na mimi nauliza, nina miaka 58, Kiingereza cha enzi za Mkoloni na cha Mwalimu vyote ninavyo. Nitachukuliwa?

#30 Mjukuu wa Karani
Shikamoo mzee. Kibali cha kazi kwa kawaida kinaishia miaka 60. Ukigonga mihuri leo utapata kama mwaka mmoja na nusu. Halafu mzee, ukiwa na 58 mkoloni aliondoka hujazaliwa.

#31 Karani Mstaafu
Alituachia vitabu.

#32 Dagaa wa Mwaloni (17 Januari 2026)
Wakuu, nimerudi. Digrii nimeshaigonga Wizarani, iko ubalozini. Maombi yamefika 61, kumi na mbili ni ya Historia.

Juzi nimepata ujumbe. Shule iliyonikataa Oktoba, iko Changchun, kaskazini kabisa. Wanasema mwalimu wao ameondoka kwa sababu ya baridi, wanataka mtu muhula ukifunguliwa Machi. Historia vipindi vinane, Kiingereza cha mazungumzo vipindi sita. Tumefanya usaili kwa video, wamenituma nifundishe dakika kumi kuhusu safari za Zheng He, yule baharia wa Kichina wa zamani, nikawaambia alifika hadi pwani yetu. Wakafurahi. Wametuma rasimu ya mkataba. Kurasa tisa, na muhuri mwekundu wa duara wenye nyota katikati. Ila kuna alama nyekundu pembeni mwa kila ukurasa, kama mtu kachafua. Ni kawaida?

#33 Mwana Nanjing
Ni kawaida na ni dalili njema. Wanazitandaza kurasa kama karata, wanagonga muhuri mmoja juu ya kingo zote. Kila karatasi inabaki na kipande. Ukizipanga tena, duara linakamilika. Ni ili mtu asichomoe ukurasa wa mshahara akaweka mwingine. Zipange ujaribu.

#34 Dagaa wa Mwaloni
Nimechapisha nikazipanga mezani. Limekamilika, ila ukurasa wa saba umekaa pembeni kidogo.

#35 Mjukuu wa Karani
Wa saba unahusu nini?

#36 Dagaa wa Mwaloni
Kuvunja mkataba.

#37 Mjukuu wa Karani
Omba nakala iliyopigwa picha upya, kabla hujasaini chochote. Inaweza kuwa mashine yako ya kuchapishia tu. Omba hata hivyo.

#38 Shemeji wa Yiwu
Muhula unafunguliwa lini? MACHI. Nilisema ukurasa wa kwanza.

#39 Mwana Nanjing
Kaitwa Januari, Shemeji. Kwa nafasi ya kuziba pengo. Nilisema ukurasa wa kwanza.

#40 Fundi Saa
Kaitwa kwa Historia.

#41 Kipanga254
Hajaitwa. Ametumiwa rasimu. Barua ya kibali ikitoka mkoani na pasipoti yake ikipita, ndio nitanyamaza. Na likizo ya Februari ofisi zote zitafungwa zaidi ya wiki. Hesabuni siku.

#42 Asali Mbichi
Changchun Januari inashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Nunua suruali za ndani nene ukifika, za kwetu hazisaidii. Wameomba picha?

#43 Dagaa wa Mwaloni
Wameomba nyingine. Ya kutabasamu.

#44 Asali Mbichi
Haya.

#45 Dagaa wa Mwaloni
Nitawajibu kuhusu ule ukurasa wa saba kesho. Leo ni giza, mzee ameshaanza kuniita.

#46 Bi Mkubwa wa Tandale
Nenda baba. Nitumie sado moja kwa basi, wenye vichwa.